Pumzi tunayo, kazi iko kwenye miguu

Rekodi za taifa za marathoni za Tanzania zimewekwa kwenye miji ya tambarare. Gabriel Geay alikimbia saa 2:03:00 Valencia, Hispania, Desemba 2022. Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin, Septemba 2023, kwa saa 2:18:41. Na huko huko Berlin, kuanzia 2003 hadi 2022, rekodi ya dunia ya wanaume ilivunjwa mara nane. Miji hii iko chini karibu na usawa wa bahari, haina vilima vya maana, na waandaaji wake wanaijua kazi yao. Kwa hiyo mkimbiaji wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kuboresha muda wake ana haki ya kuitamani barabara ya namna hiyo. Shida ni maandalizi. Wengi wetu huamini kwamba aliyezoea kupanda mlima Loleza wa Mbeya, tambarare kwake ni mteremko. Sivyo kabisa.

Kwenye vilima mwili hubadilishana zamu. Ukipanda, makalio na vigimbi ndivyo vinavyofanya kazi. Ukishuka, mapaja ya mbele hupokea kipigo na vigimbi hupumua. Tambarare haina zamu. Anayemaliza marathoni kwa saa nne anapiga hatua kama 40,000, na karibu zote ni hatua ileile, urefu uleule, msuli uleule. Ndiyo maana ukifika kilomita ya 30 unaona jambo la ajabu: pumzi ipo, unaweza hata kuongea na jirani yako, lakini nyonga na misuli ya nyuma ya paja imekaza, hatua zimekuwa fupi na kila kilomita inaongezeka sekunde. Anayekata moto kwa njaa huhisi kizunguzungu na mwili mzima kuwa mzito. Huyu wa tambarare ana nguvu zake, ila miguu imegoma. Ni matatizo mawili tofauti na yana dawa mbili tofauti.

Dawa ya miguu ni kukimbia tambarare kwa makusudi, na kwetu hiyo ina maana ya kushuka. Sisi wa Mbeya, bonde la Usangu ndilo uwanja wetu. Barabara ya Rujewa kwenda Ubaruku na njia za katikati ya mashamba ya mpunga zimenyooka, na joto la kule ni somo la ziada kwa anayejiandaa kwenda pwani. Walioko Iringa wana upande wa Pawaga. Misitu ya misonobari ya Sao Hill, Mafinga, ni mizuri mno kwa kukimbia taratibu siku inayofuata mbio ndefu, udongo wake ni laini, lakini ardhi ile inapanda na kushuka, usiihesabu kama tambarare. Usiifanye barabara kuu ya Tunduma kuwa uwanja wa mbio ndefu. Malori ni mengi na bega la barabara mara nyingi ni jembamba. Kama hakuna jinsi, kimbia ukiyatazama magari yanayokuja, mapema kumepambazuka, na toka kabisa nje ya lami malori mawili yanapopishana. Masika, njia za Usangu zenye udongo mweusi hazifai: tope linanata chini ya raba mpaka kila mguu unakuwa mzigo.

Katika wiki kumi za mwisho, kila wiki ya pili mbio ndefu iwe ya tambarare. Ya kwanza kilomita 18, sita za mwisho kwa kasi ya siku ya mashindano. Ongeza umbali polepole hadi kilomita 30 au 32, ambapo 16 hadi 20 za katikati ni kwa kasi hiyo hiyo. Ile kubwa kuliko zote iishe wiki tatu kabla ya mashindano. Asiyeweza kushuka Usangu atafute kipande cha kilomita moja au mbili kisicho na mwinuko na akirudie huku na huku. Kinachosha akili, nakubali, lakini hata kuchoka akili ni sehemu ya mtihani wa tambarare.

Neno moja kuhusu raba. Nyingi tunazokimbilia ni za mitumba kutoka soko la Mwanjelwa, Mbeya, na zinaweza kuonekana mpya huku sponji yake imeshakufa. Ibonyeze soli ya katikati kwa kidole gumba. Isiporudi haraka, au ikiwa ngumu kama ubao, itakufaa kwenye vumbi la nyumbani, si kwa kilomita 42.195 za lami.

Sasa kasi. Hapa ndipo watu wa nyanda za juu huharibu kila kitu. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700, na msukumo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Ukishuka na ukakuta hewa ni ya baridi, kasi ambayo kule Uyole, Mbeya, ilikutoa jasho inakuwa kama matembezi. Mwili unakuambia uongeze. Usiusikilize. Kupumua kwako kumepata nafuu, lakini miguu haijapata nafuu yoyote, na hesabu ya wanga mwilini inakwenda kwa kasi unayokimbia. Kilomita tano za kwanza zikienda haraka kwa sekunde 15 kila moja, umepata dakika moja na robo. Kuanzia kilomita ya 32 unaweza kuzirudisha dakika kumi.

Shika namba kabla hujasafiri. Kumaliza kwa saa 3:30 ni dakika 4:58 kwa kilomita. Saa 4:00 ni 5:41. Saa 4:30 ni 6:24, na saa 5:00 ni 7:06. Halafu ongeza hesabu ambayo wengi hawaijui: njia ya marathoni hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara kwenye kona, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Wewe hutakimbia mstari huo. Utapita watu, utaifuata meza ya maji, utaikata kona kwa nje. Saa ya mkononi itakuonyesha kilomita 42.5 au 42.6 ukifika mwisho, na utasema waandaaji wamekosea. Hawajakosea. Anayetaka saa nne kamili na akakimbia kilomita 42.6 anahitaji 5:38, si 5:41. Kwenye miji mingi mikubwa mstari huo mfupi huchorwa barabarani kwa rangi ya buluu. Ufuate kila unapopata nafasi. Na uamini vibao vya kilomita vya barabarani kuliko saa, hasa katikati ya majengo marefu ambapo mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na kuipotosha.

Mashindano yaliyopangwa vizuri humgawa kila mtu kwenye kundi la kuanzia kulingana na muda wake. Andika muda wa kweli. Ukijipandisha kundi, utasukumwa na wenye kasi na utakimbia kasi yao. Ukijishusha, utatumia kilomita nane kupita watu kwa zigizaga. Usihangaike na bunduki ya kuanzia: chipu iliyo kwenye namba ya kifuani au kwenye raba huanza kuhesabu unapovuka mkeka wa kuanzia. Jambo la kuhangaikia ni foleni ya choo, kwa hiyo fika dakika 90 kabla ya kuanza. Vaa sweta kuukuu ambalo hutasikitika kuliacha pale pale.

Meza za maji mara nyingi huwa kila baada ya kilomita tano hivi, na meza ya kwanza ya kila kituo ndiyo yenye msongamano na ajali. Pita, chukua meza za mwisho. Kikombe kibane juu kiwe na mdomo mwembamba kama wa ndege, kunywa mafunda mawili matatu, na angalia chini kwa sababu vikombe vilivyotupwa kwenye lami yenye maji huteleza sana. Kutembea hatua kumi ili unywe vizuri si aibu.

Chakula: siku mbili za mwisho, mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 480 hadi 600 za wanga kwa siku. Gramu 100 za mchele mkavu zina karibu gramu 80, kwa hiyo mchele wa Kyela, viazi mviringo na ndizi vinatosha kabisa. Makande na maharage yaache mpaka umalize, maana nyuzinyuzi zake zitakutafutia choo kilomita ya 15. Barabarani lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kuanzia dakika ya 30 au 40, kabla hujahisi njaa. Jeli moja, yaani kipakiti cha wanga mzito wa kufyonza, huwa na kama gramu 25. Usijaribu jeli kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Tumbo lisilozoea litaikataa. Kwa mazoezi, lita moja ya maji, vijiko vitano vya chakula vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi vinafanya kazi ileile kwa bei ndogo.

Watu huuliza waende Dar es Salaam au Ulaya. Kwa mwili wetu, Ulaya ni rahisi kuliko Dar, isipokuwa gharama na viza, ambayo kwa nchi za Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja) maombi yake hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Asubuhi ya Berlin mwezi Septemba haitishi aliyezoea alfajiri ya Juni ya Mbeya, na tofauti ya saa ni moja tu. Dar jasho halikauki. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, na asiyekuwa nazo apunguze lengo tangu mstari wa kuanzia, sekunde 15 hadi 20 kwa kilomita, bila kubishana. Ukienda Dar kwa basi, fika Alhamisi kama mbio ni Jumapili, kwa sababu safari ile huvimbisha miguu. Simama kwenye korido mara kwa mara na shuka kila linaposimama. Wakati wa kurudi ni vilevile, na hapo misuli tayari imechanika. Siku kumi za kwanza nyumbani ni za kutembea na kukimbia kidogo. Miteremko mikali ndiyo iwe ya mwisho kurudiwa, maana kushuka ndiko kunakoumiza mapaja kuliko kupanda.