Haiti walilipishwa uhuru wao

Tangu polisi wetu wa Kenya waanze kwenda Haiti, kule Karibi, kupambana na magenge mwezi wa sita 2024, kila nikikaa na watu nasikia yaleyale, eti magenge, eti nchi ina laana, eti ndo hivyo mtu mweusi akijitawala. Inaniuma sana jamani, ndo maana naandika.

Zamani ilikuwa inaitwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa, na hakuna koloni lililowaletea pesa kama hilo, sukari na kahawa. Watumwa karibu laki 5, wazungu kama elfu 30 hivi. Watumwa wengi walizaliwa Afrika kabisa kwa sababu kwenye miwa mtu alikuwa hadumu, akifa analetwa mwingine. Wengi walitoka Kongo na Afrika Magharibi lakini wapo pia waliopakiwa melini Msumbiji, yaani pwani yetu hii hii.

Agosti 1791 watumwa wakakutana usiku msituni Bois Caïman, mtumwa mwenzao Boukman akiongoza, na baada ya siku chache mashamba ya kaskazini yakawa yanawaka moto. Toussaint Louverture, mtu aliyezaliwa mtumwa, akawa jenerali hadi akatawala koloni zima, Wafaransa wakamkamata kwa hila 1802 wakaenda kumfungia kwenye milima yenye baridi kali kwao huko, akafia gerezani Aprili 1803. Napoleon alikuwa ameshatuma maelfu ya wanajeshi, homa ya manjano ikawafyeka, waliobaki Dessalines, jenerali wa waasi, akawapiga mahali panaitwa Vertières tarehe 18 Novemba 1803. Na 1 Januari 1804 nchi ikawa huru, nchi iliyoundwa na watumwa wenyewe!

Sasa hii ndo sehemu ambayo watu hawaisemi. 1825 mfalme Charles X wa Ufaransa akatuma meli za kivita na masharti: mlipe faranga milioni 150 kufidia waliokuwa na mashamba ndo tuwatambue kuwa nchi huru. Rais Boyer wa Haiti akakubali, mizinga iko bandarini angefanya nini. Na kwenye hiyo fidia walihesabiwa hadi watumwa, yaani mtu alipie mwili wake na wa mama yake, amlipe yule yule aliyekuwa anamchapa viboko!! Awamu ya kwanza tu ilikuwa milioni 30, hawakuwa nazo, ikabidi wakakope kwenye benki za Paris, kwa riba. 1838 Ufaransa ikapunguza jumla ikawa milioni 90 lakini mikopo ilishazaa mikopo, na iliyotokana na deni hilo iliisha kulipwa 1947. Bibi yangu alikuwa msichana mkubwa tayari.

Kila 1 Januari Wahaiti wanapika supu ya maboga, wanaiita soup joumou, wanasema enzi za utumwa babu zao waliipika wakaambiwa wasionje, ni ya mabwana. Mwaka huu na mimi niliipika, nikawaeleza watoto kila kitu mezani, mdogo akauliza kama hizo pesa zilirudishwa. Nikamwambia bado.