Kumbukumbu ya mradi: Ryzen iliyofanya kazi kwa wati 14

Skripti yangu ya kupima umeme wa prosesa imekubali. Siku kumi na moja nimegombana na kaunta moja, ile inayohesabu nishati ndani ya prosesa, na leo ndiyo mara ya kwanza nina jouli (kipimo cha nishati) ninazoweza kuziweka mbele ya watu bila kuona haya. Jedwali la mwanzo nililowaonyesha wenzangu, lile ambalo Ryzen ilionekana malaika, nimelifuta lote. Aliyelihifadhi alitupe tafadhali.

Mashine ni zilezile mbili: Ryzen 5 7600 ya AMD yenye viini 6 na nyuzi 12 (njia za kupitishia kazi), na Core i5-13600K ya Intel yenye viini vikubwa 6, vidogo 8, nyuzi 20. Najua kwa idadi ya viini si mechi ya haki, ila ndizo nilizonazo. Lengo halijabadilika. Vizazi vipya, Zen 6 ya AMD na Nova Lake ya Intel, viko njiani, na grafu za siku ya uzinduzi huchorwa na muuzaji mwenyewe. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Siku hiyo nataka niwe na namba zangu mkononi, zilizopimwa kwa kazi yangu: video moja ileile, ikibanwa na programu ya x265 kwa mipangilio ileile, na swali moja tu. Kazi nzima imekula jouli ngapi?

Alama sizipimi. Cinebench, programu ya kuzipa prosesa alama, naiendesha ili nijue kipoza kimekaa sawasawa. Ikitoka chini ya jana nachukua bisibisi. Mtu akiniambia prosesa fulani ina alama elfu kadhaa, hajaniambia video yangu itaisha lini wala itakula umeme kiasi gani.

Jouli nazisoma kwenye kerneli yenyewe, kiini cha mfumo wa Linux, faili la energy_uj ndani ya folda ya intel-rapl. Ndiyo, hata kwenye AMD folda inaitwa intel-rapl, na kila nikiifungua nacheka. Inadai sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, tangu mwaka 2020, watafiti walipoonyesha kwa shambulio la PLATYPUS kwamba mtu anaweza kunusa funguo za siri kwa kutazama tu jinsi kaunta hiyo inavyopanda. Skripti yangu ilikuwa ya kitoto: soma kaunta kabla ya kazi, soma baada ya kazi, toa.

Dalili ya kwanza niliipuuza. Jaribio la kukompaili kerneli, la dakika nne hivi, lilikuwa likitoa kama jouli 20,200 kwenye Ryzen. Mara ya tano likatoa hasi 45,300. Prosesa inayozalisha umeme! Nikajua mara moja kwamba kaunta imefika mwisho ikaanza tena sifuri, jambo la kawaida. Nikatia kiraka: jibu likiwa hasi, jumlisha kiwango cha juu cha kaunta, ambacho kerneli yenyewe inakitaja kwenye faili la jirani. Nikarudia, ikatoka 20,200 tena. Nikafunga faili nikaenda kulala nimeridhika. Kiraka kile ndicho kilichonimaliza.

Kisha ikaja video yenyewe. Core ilimaliza kwa dakika 22, jouli 199,300. Ryzen ikachukua dakika 31 na sekunde 10, jouli 26,900. Soma tena. Tofauti ya mara saba na zaidi kwa kazi moja. Mimi, badala ya kushtuka, nilijipiga kifua. Niliandika aya ndefu kuhusu ubora wa nanomita 5 za TSMC, kiwanda kinachoitengenezea AMD, dhidi ya mchakato wa Intel 7, nikaisambaza, nikakaa nayo siku mbili nikijiona mtaalamu.

Aliyenizindua ni mwenzangu mmoja ambaye hana subira na aya ndefu. Aligawanya tu jouli kwa sekunde akaniandikia: "Kaka, hizo ni wati 14. Hiyo ni prosesa au simu?"

Wati 14, viini sita vikiwa vimebanwa hadi mwisho. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba namba ya kunisuta ilikuwa kwenye jedwali langu mwenyewe, mistari mitatu juu: Ryzen hiyohiyo ikiwa imekaa bure, haina kazi, ilikuwa inakula wati 23. Yaani kwa mujibu wangu ilikuwa inapumzika kwa kutoka jasho na kufanya kazi kwa kulala.

Hapo zikaanza siku nne za kutafuta mchawi. Nilishuku kerneli, nikapanda toleo, nikashuka toleo. Nilishuku BIOS, programu inayoiwasha mashine, nikaipandisha toleo, nikakaa mbele ya skrini nyeusi dakika kadhaa huku AM5 (jukwaa la mazabodi, yaani ubao mkuu, la Ryzen hii) ikijifunza RAM upya kana kwamba haijawahi kuiona. (Kila mwenye AM5 anaijua hofu ile: ni mafunzo ya RAM au nimeua mazabodi?) Nikachomeka mita ya umeme ukutani. Mashine nzima wakati wa kubana video: wati 131. Kwa hiyo umeme ulikuwa unaingia kweli. Ni skripti isiyoziona jouli. Lakini jaribio la dakika nne bado lilitoka sahihi kabisa, kila mara, na Core haikuwa na tatizo lolote kwenye jaribio refu wala fupi. Kosa linaloigusa Ryzen tu, tena kazi ikiwa ndefu tu. Nilikaribia kuamini kwamba AMD wanaficha kitu.

Jibu lilikuwa limepita machoni pangu mara ishirini. turbostat, programu ya Linux ya kutazama prosesa, ikianza humwaga mistari mingi ambayo hakuna anayeisoma. Mmoja, kwenye Core, unasema kaunta ya jouli itatosha sekunde 2097 kwa wati 125. Siku ya saba nikausoma kwa sauti, nikazidisha: jouli 262,144. Nikageukia Ryzen, nikafungua lile faili la kiwango cha juu ambalo kiraka changu kilikuwa kinalisoma siku zote: jouli 65,532 na ushee. Robo ya ile ya Core.

Kaunta zote mbili ni za biti 32, yaani zina idadi ileile ya hatua kabla ya kurudi sifuri. Tofauti ni ukubwa wa hatua: kwenye Ryzen hatua moja ni jouli moja iliyogawanywa mara 65,536, kwenye Core yangu ni iliyogawanywa mara 16,384. Kwa hiyo Core ikila wati 151 inahitaji karibu dakika 29 kuijaza kaunta, na kazi yangu inaisha dakika ya 22. Haiwezi kuzunguka zaidi ya mara moja. Ryzen ikila wati 84.5 inaijaza kila baada ya dakika 13 kasoro. Ndani ya dakika 31 imezunguka mizunguko miwili kamili, na skripti yangu, iliyoona mwanzo na mwisho tu, haikuwa na namna ya kujua. Ni sawa na kumpima mtu safari yake kwa mshale wa dakika peke yake: aliondoka ukiwa kwenye 3, amerudi ukiwa kwenye 5, basi ametembea dakika kumi. Saa mbili nzima hazimo.

Ongeza mizunguko miwili kwenye 26,900 upate 158,000 kasoro kidogo. Gawanya kwa sekunde 1,870. Wati 84.5. Chini kidogo tu ya 88, kikomo cha kiwandani cha prosesa ambayo AMD huiita ya wati 65. Nilipiga meza.

Dawa ni kusoma kaunta mara kwa mara na kujumlisha vipande. Nilianza kwa pupa, kila sehemu ya kumi ya sekunde, nikagundua kwamba namba za kukaa bure zimepanda: mpimaji ndiye aliyekuwa anamwamsha mgonjwa. Sasa nasoma kila sekunde 10, na inatosha sana.

Kwa hiyo ukweli: Ryzen 158,000, Core 199,300. Ryzen inakula pungufu kwa kama asilimia 21 lakini inachelewa dakika tisa. Matokeo ya kawaida, yasiyostahili hata aya moja ndefu.

Mpango ulisema baada ya hapa napima RAM, DDR5-4800 dhidi ya 6000. Sikufika. Nilipokuwa ndani ya BIOS ya Core niliona kikomo cha nguvu alichokiweka mtengenezaji wa mazabodi: wati 4095. Ndiyo lugha yao ya kusema hakuna kikomo, na ndiyo tabia iliyowafanya Intel mwaka 2024, wakati wa sakata la kizazi cha 13 na 14 kuyumba, wawabane watengenezaji wa mazabodi warudi kwenye mipangilio rasmi. (Mimi nina maikrokodi ya 0x12B, marekebisho ya Intel kwa sakata hilo, msinianze.) Kwa video yangu haikubadilisha kitu, kwa sababu prosesa haikufika hata wati 181 zake rasmi. Ila ilinitia wazo: kama kikomo ni namba tu ambayo mtu ameiandika, nikiandika yangu je?

Nikaandika 88, sawa na Ryzen. Core ikamaliza kwa dakika 26 na nusu, jouli 139,900. Yaani kwa kuchelewa dakika nne na nusu imeokoa jouli karibu 60,000, na sasa inaishinda Ryzen kwa kasi na kwa umeme pia. Nikaona haya, nikampa Ryzen nafasi: Eco Mode (hali ya kubana umeme) ya 45, ambayo kwa kweli ni wati 61. Dakika 35 na sekunde 40, jouli 130,500. Ikarudi mbele kwa umeme. Nikashusha Core hadi 61, ikatoa 120,200. Ningeweza kuendelea hivyo hadi asubuhi.

Kile tulichokuwa tukikiita AMD dhidi ya Intel, kwenye kazi hii, kwa sehemu kubwa kilikuwa kikomo cha 88 dhidi ya kutokuwa na kikomo. AMD wenyewe walilionyesha hilo kwa Ryzen 5 9600X: ilitoka Agosti 2024 ikiwa ya wati 65, na muda si mrefu ikaja BIOS inayoiruhusu 105. Silikoni ileile, utu mpya. Basi jedwali langu la Zen 6 na Nova Lake litakuwa na safu za 61, 88 na 125, na safu ya kiwandani itakaa mwisho kabisa, kwa maandishi madogo.

Au ningesema hivyo juzi. Jana nikaikumbuka ile 23.

Ryzen ikikaa bure: wati 23. Core ikikaa bure: 7. Tofauti wati 16. Kwenye video, Ryzen ilikuwa imeokoa jouli 41,300 dhidi ya Core ya kiwandani. Gawanya kwa 16: dakika 43. Mashine ikiachwa inanitazama tu kwa dakika 43 imekwisha kuurudisha ushindi wake wote. Na mashine yangu hukaa bure karibu kutwa, nikisoma, nikiandika upuuzi kama huu.

Sababu inajulikana: 7600 ni vipande viwili, cha viini na cha kushughulikia RAM na mawasiliano, na barabara kati yao haizimwi kirahisi. 13600K ni kipande kimoja. Lakini Intel nao walihamia vipande kwenye Core Ultra 200S, tena wakaondoa na nyuzi pacha, kwa hiyo siwezi kudhani kwamba faida hiyo itadumu upande wao. Kwenye kizazi kijacho hicho ndicho nitakachopima kwanza, kabla ya video yoyote.

Usiku huu nimezima EXPO, mpangilio wa AMD wa kuipandisha RAM kasi, kwenye Ryzen; RAM ikarudi 4800, mtandao wa ndani, ile barabara kati ya vipande, ukapoa. Saa nzima ya kukaa bure, kaunta inasomwa kila sekunde 10: wati 18. Tano zimeondoka bila kugusa kiini hata kimoja. Sasa nataka kujua ngapi kati ya hizo tano ni volti ya SoC, yaani ya kile kipande cha RAM na mawasiliano, na ngapi ni kasi ya RAM, maana BIOS hupandisha zote mbili kwa pamoja ukiwasha EXPO. Nimeandika volti 1.10 kwa mkono, nimewasha 6000 tena, na skrini bado ni nyeusi.