Doti Moja ya Mama

Nilikwenda Unguja Agosti 2024 nikiwa na orodha ya mahitaji ya watu. Udi wa shangazi, iliki na mdalasini za jirani yangu wa Chang'ombe ya Dodoma anayepika maandazi ya kuuza, kofia ya kushonwa kwa mkono ya baba mkwe, na kanga ya mama. Mama alipiga simu nikiwa nimeshafunga begi. "Uniletee doti moja ya huko huko," akasema. "Lakini uisome kwanza."

Treni ya umeme ilikuwa na wiki chache tu tangu ianze kufika Dodoma. Wifi yangu, niliyesafiri naye, akaapa kwamba habari za basi kwake zimekwisha. Tulilipa shilingi 31,000 kila mmoja, na kama saa nne hivi baadaye tukawa Dar, safari ambayo nimeizoea kuimaliza jua likizama na miguu imevimba. Kwa treni sina lalamiko. Lalamiko langu linaanzia baharini. Ilikuwa msimu wa kusi, boti ikawa inapanda na kushuka, wifi akatapika tangu tulipoiacha bandari ya Dar mpaka Malindi ya Unguja, na boksi la zabibu nililombebea mwenyeji wetu likafika nusu zabibu, nusu juisi. Kwetu Agosti zabibu zimeiva, hatuendi kwa watu mikono mitupu.

Agosti pia ndiyo wageni wa Ulaya wamejaa kisiwani, na bei zinawafuata wao. Chumba chetu kilikuwa cha feni, maji ya kuoga yana chumvi, na tulilipa shilingi 80,000 kwa usiku. Kwa Dodoma wakati huo hiyo ilikupa kiyoyozi na chai ya asubuhi yenye mayai. Nungwi tulikaa siku mbili. Bahari ni nzuri kama mnavyoiona kwenye picha, na soda moja pale ufukweni tuliuziwa bei ya soda tatu.

Darajani palinifurahisha. Lile jengo la soko la mwaka 1904 bado linapumua watu na harufu, upande huu samaki, upande ule viungo. Muuzaji wa viungo alianza na 15,000 kwa kikapu kidogo cha ukili chenye vipakiti sita, tukamalizana kwa 6,000. Jambo nililolipenda ni kwamba alinifundisha kununua. Alichukua karafuu moja, akaibonyeza kwa ukucha, akanionyesha mafuta yakitoka. "Isiyotoa mafuta, imezeeka hiyo, usipeleke kwa watu." Nikanunua na karafuu, ambayo sikutumwa.

Kanga ndiyo iliyonishinda.

Tulikuwa tunazunguka vichochoro vya Mji Mkongwe upande wa Hurumzi, saa nane mchana, jua limesimama kichwani. Tukaona duka lenye mlango wa mbao wa misumari mikubwa ya shaba. Ndani kuna kiyoyozi na harufu ya langilangi. Magauni yametundikwa moja hapa, jingine kule, kama yameambiwa yasigusane, na gauni moja la pamba lisilo hata na mkono lilikuwa 180,000. Kanga zilikuwa rafuni, kila moja imekunjwa peke yake, imefungwa kamba ya ukili na kubandikwa kikaratasi: 45,000. Tena si doti. Kipande kimoja.

Moja ilikuwa ya rangi ya chungwa iliyoiva, yenye vichwa vya karafuu vyeusi. Nikajua mama ataipenda, kwa sababu mama hupenda rangi inayoonekana kutoka ng'ambo ya korongo. Nikaomba kuifungua. Kijana wa dukani akasema kwa upole kabisa, "Ukiifungua dada, kuikunja tena ni kazi. Rangi si unaiona." Nikamuuliza inasemaje. Akaigeuza huku na huku, akasema, "Maneno mazuri tu, ya mapenzi."

Nikalipa. Mpaka leo najiuliza kwa nini nililipa. Nje kulikuwa na joto, wifi alikuwa amechoka, nyuma yangu walisimama wageni wawili wakisubiri zamu yao, nami nikaona haya kuonekana mtu wa bara anayebishania kamba ya ukili.

Usiku, chini ya ile feni, nikafungua. Kwa herufi kubwa nyeusi, juu kidogo ya pindo la chini: SHUKRANI YA PUNDA NI MATEKE.

Wifi aliisoma, akanitazama, akaikunja haraka kama mtu anayefunika chungu. Yeye anaijua habari ya mama na kanga. Nanyi itabidi niwaeleze.

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la tatu, kwetu Mvumi, Dodoma. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, mvua ikawa haba, na mama alikuwa akipita kwa watu kuazima uwele na mtama. Mwanamke mmoja wa ukoo, ambaye tulikuwa tukienda kwake mara nyingi, akampa mama kanga mpya. Mama hakuwahi kupewa kitu kipya tangu msiba. Jumapili ikawa na harusi, akaivaa, akajifunga kiunoni na nyingine akajitanda, akatembea mbele ya watu wote kwenda kumtunza bibi harusi. Kanga ile ilikuwa imeandikwa UMEZOEA VYA KUPEWA.

Mama alikuwa hajui kusoma. Mimi nilijua. Niliyasoma maneno yale asubuhi, wakati ananipaka mafuta, na sikusema chochote, kwa sababu nilikuwa na miaka tisa na nilidhani kanga zote husema tu, kama redio. Kwenye harusi, wanawake waliotoka mjini waliyasoma. Mmoja alicheka, akamnong'oneza mwenzake, na hadi ngoma inaanza habari ilikuwa imezunguka uwanja mzima. Mama aliambiwa jioni. Aliivua kanga, akaikunja, akamrudishia mwenyewe usiku ule ule, kwa mguu, bila neno. Tangu hapo hakuna kanga iliyoingia nyumbani kwetu bila kusomwa. Na baadaye, alipokuwa na miaka hamsini na kitu, mjukuu wake wa kwanza alipoanza darasa la kwanza, alikaa naye chini ya mbuyu wakasoma daftari moja wote wawili, a, e, i, o, u, mpaka akaweza.

Mama kama huyo ndiye niliyekuwa naenda kumpelekea maneno ya punda. Mama aliyefuga punda wawili wa kubebea maji, na ambaye karanga zake za kukaanga alizouza mnadani ndizo zilizonilipia sekondari.

Asubuhi nilirudi dukani. Kijana alinikumbuka. Akasema bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, akanionyesha kibao ukutani ambacho jana sikukiona. Nikamwambia, sikulaumu kwa bei, nakulaumu kwa kusema ni maneno ya mapenzi. Akasema, na najua hakuwa na nia mbaya, "Dada, wageni wananunua hizi kila siku. Hakuna anayesoma."

Nilitoka na neno hilo kifuani. Pale dukani maandishi yalikuwa ua jingine tu kwenye kanga. Na Unguja hii hii ndiko wanawake waliposemezana kwa kanga vizazi na vizazi, wakapatana na kugombana bila kufungua kinywa! Ningekasirika hivyo na duka la Ulaya? Nadhani nisingekasirika. Nilimkasirikia kijana yule kwa sababu anasoma, na hakusoma.

Mama mmoja aliyekuwa anauza urojo ndiye aliyetuelekeza. "Kanga mnakwenda kuzinunua Mji Mkongwe? Nendeni Mchangani, wanakonunua wenyewe."

Mchangani hakuna kiyoyozi. Ni vibanda na maduka yaliyobanana, madira yananing'inia mpaka yanakufuta uso. Tuliingia duka la kwanza lililokuwa na nafasi ya kusimama. Kanga zimepangwa kutoka sakafuni mpaka darini, doti kwa doti, na katikati yake amekaa bibi mmoja kwenye kigoda, na mwanawe kijana yuko kwenye ngazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Wataka ya kuvaa au ya kupeleka?"

Nikasema ya kupeleka. Nikamtolea ile ya karafuu, nikamweleza yote. Hakucheka. Aliipapasa kitambaa kwa vidole viwili, akaipima kwa macho. "Kitambaa kizuri, wala usikitupe. Kata jina, hayo maneno, ushone foronya. Sasa niambie, yapelekwa kwa nani?"

"Kwa mama yangu."

"Mama ni wengi. Yukoje?"

Sijawahi kuulizwa swali hilo na muuza duka yeyote, Majengo ya Dodoma wala Kariakoo. Akaniuliza mama ana umri gani, ana mume au mjane, ameolewa tena au amekaa na wanawe, ni mtu wa maneno au mkimya. Niliponyosha kidole kwenye NANI KAMA MAMA, akatikisa kichwa. "Hiyo kila mtu anayo. Ukimpa hiyo umempa salamu ya redioni." Alishusha nyingine iliyokuwa na maneno ya kumshukuru Mungu kwa kushinda maadui, akairudisha mwenyewe kabla sijasema. "Hapana. Hii itamkumbusha."

Akanieleza huku akizikunjua kwamba kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kwamba yeye ujanani alikuwa akinunua jina kwanza, rangi akiitazama akishafika nyumbani. Niliyajua ya pindo na jina, lakini neno mji kwa ile sehemu ya katikati sikuwahi kulisikia kwetu. Inasemekana kanga iliitwa hivyo kwa madoadoa ya ndege kanga, nikamwambia kwetu ndege hao wanatembea mashambani makundi kwa makundi na kutufukulia mbegu. Akafurahi sana. Hakuwahi kumwona akiwa hai.

Kisha akatoa kisutu, chekundu, cheusi na cheupe. "Basi mpelekee hiki. Kisutu hiki hakina jina, hakimtukani mtu."

Kwa kweli nilikaribia kukichukua. Ni kizuri, na hofu yangu yote ingeisha pale pale. Nikasema, "Bibi, mama atataka kuisoma. Siku hizi anasoma mwenyewe."

Bibi aliacha kukunja. "Kajifunza ukubwani?"

Nikamsimulia habari ya mjukuu na daftari. Alinyamaza, akamgeukia mwanawe, akamwambia apande juu kabisa, rafu ya mwisho, ashushe zile za buluu. Kijana akashuka na vumbi kichwani. Ilikuwa kanga ya buluu na nyeupe, pindo la korosho, na jina lake maneno mawili tu: WEMA HAUOZI.

"Maneno machache, herufi kubwa," akasema bibi. "Hatachoka macho."

Bei ilikuwa 14,000 kwa doti nzima. Sikupunguza hata mia. Yeye mwenyewe akanirudishia elfu moja, "ya fundi, ya kukata na kupinda." Tulikuwa tumekaa mle zaidi ya saa nzima. Wifi alikuwa amelala juu ya mafungu ya kanga, mdomo wazi.

Sikumbuki Forodhani tulikula nini usiku ule, isipokuwa kwamba mshikaki mmoja wa ngisi ulikuwa ghali na mgumu. Siku iliyofuata tulirudi, boti, kisha treni. Nikiwa dirishani, milima ya Morogoro imeshapita na mibuyu imeanza kujitokeza, nilihesabu matumizi yangu kwenye simu. Vyumba, boti, ile 45,000. Kwa fedha hiyo ningemnunulia mama mabati kumi na zaidi. Lakini mama hakuomba mabati.

Jumamosi nilikwenda Mvumi. Nilimkuta uani anapembua karanga kwenye ungo. "Mbukwenyi," nikasalimia kwa Kigogo, akaitikia, akanawa mikono kwanza, akaikausha kwa gauni lake. Nilimpa doti ikiwa haijakatwa. Sikumsomea. Nilikuwa nimeazimia hivyo tangu Mchangani, ingawa ulimi ulikuwa unawasha.

Aliitandaza mapajani mpaka akalipata jina. Akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza. "We... ma." Akapumua. "Ha... u... ha-u-o..." Akarudia tangu mwanzo, midomo ikitembea bila sauti, kisha akasema kwa mara moja, kwa sauti ya mtu anayejibu hodi: "Wema hauozi."

Nilidhani ataniangalia. Hakuniangalia. Aliivuta kanga taratibu kutoka mapajani, akaipitisha mikononi mpaka kikafika kipande cha pili, akalitafuta jina, akaweka tena kidole chini ya herufi ya kwanza, akaanza kusoma.