Wali ulikuwa wa Krismasi

Nilipokuwa mdogo hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, wali tuliula Krismasi na harusini tu, ingawa Butaleja wanakolima mpunga ni hapo jirani. Siku nyingine ni ugali wa ulezi au matoke. Sasa kwangu wali upo kila jioni, mweupe pe, sahani imefurika, maharage vijiko viwili. Juzi bibi kanitembelea, akaitazama ile sahani: "Mjukuu wangu, mboga iko wapi?" Nikacheka, ila kasema kweli. Mchele ukikobolewa sana, pumba huondoka na nyuzinyuzi na vitamini B1. Wiki hii nimegeuza: wali kidogo, majani ya kunde tele, yameungwa kwa karanga. Watoto wamenuna. Bibi kaomba aongezewe.