Tangasaurus: mnyama wa kale mwenye jina la mji wetu, mbona hatumtaji?

Wadau wa Tanga, leo naomba tuongee kuhusu mnyama mmoja anaitwa Tangasaurus mennelli. Ndiyo, Tanga hii hii ya Ngamiani na Chuda na Raskazone, jina la mji wetu limo kwenye maandishi ya sayansi tangu mwaka 1924, na kila nikiuliza watu hapa mjini, walimu, bodaboda, hata vijana waliosoma jiografia mpaka chuo, naona wananitazama tu. Mkonge kila mtu anaujua. Mapango ya Amboni kila shule inapeleka wanafunzi. Silikanti, yule samaki wa kale, siku hizi hata mtoto wa darasa la tatu atakwambia. Lakini huyu hapana, na mimi kwa kweli inaniuma, maana ndiye anayetuambia hapa tunapoishi palikuwaje kabla hata hiyo bahari haijafika.

Nianze na yeye mwenyewe. Aliyemwelezea kwa mara ya kwanza ni Sidney Haughton, mtaalamu wa visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe) aliyekuwa Afrika Kusini, na hilo "mennelli" ni heshima kwa bwana Mennell, mtu wa miamba. Kilichopatikana ni mabaki ya wanyama wawili tu kwenye miamba ya huku Tanga, yakaenda kuhifadhiwa Cape Town, na mwaka 1982 Philip Currie (yule ambaye wapenzi wa dinosaria wanamjua) akaipitia ile mifupa upya, moja moja, na kuandika maelezo marefu. Umri wake ni mwisho wa kipindi cha Permiani, yaani zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, mwisho mwisho kabisa wa Paleozoiki, zile zama ndefu zilizotangulia zama za dinosaria. Hapo dinosaria hata hawajazaliwa, hao wa Tendaguru kule Lindi ambao tunajivunia walikuja miaka kama milioni 100 baadaye.

Alifananaje? Chukua kenge, yule wa kando ya Mto Sigi anayejitupa majini ukimsogelea, halafu mfanye mdogo. Miguu minne, vidole virefu, na mkia mrefu ambao mifupa yake imesimama juu na chini kiasi kwamba mkia unakuwa bapa ubavuni. Huo mkia ndio umewapa watu kazi ya kubishana, maana mkia wa namna hiyo ni wa kusukuma maji, ndiyo sababu wengi wamemchukulia kuwa muogeleaji, ingawa wapo wanaosema alikuwa anapanda nchi kavu sana tu. Kwa ukoo si kenge wala mjusi, hao wa kweli wamekuja baadaye, yeye ni wa ukoo wa watambaazi wa zamani ambao umekwisha wote.

Sasa swali, muogeleaji wa maji gani? Hapa ndipo panaponinogea. Jibu lenyewe liko kwenye mawe. Ukitoka mjini unakanyaga jiwe la matumbawe, lile tunalojengea, hilo ni la juzi juzi kwa hesabu ya dunia. Ukifika Pongwe ni chokaa, ndiyo inayochimbwa kwa saruji, na ni ndugu ya jiwe la Amboni, la enzi za Jurasiki, enzi za dinosaria, na hilo limetoka baharini. Ukiendelea kuelekea Muheza ndo unakutana na mawe mengine kabisa, mchanga mgumu na udongo uliogeuka jiwe, wataalamu wanayaita miamba ya Karoo, kabla hujafika kwenye mwamba mkongwe wa milima ya Usambara. Ukilipata lile jiwe la udongo lishike mkononi ulitazame. Linabanduka kwa matabaka membamba, kucha tu inaingia, ndani limekuwa na rangi ya kijivu iliyokolea, na ukiligeuza juani kuna vichembe vinavyometameta, hiyo ni ulanga iliyosombwa na mito kutoka milimani. Tabaka jembamba namna ile halitengenezwi na mto unaokwenda kasi wala mawimbi ya pwani, linahitaji maji yaliyotulia, tope laini linashuka taratibu chini, msimu baada ya msimu, hakuna kinacholivuruga. Na lile jiwe la mchanga lililo juu au chini yake ndilo la mto. Kwa hiyo ukiunganisha unapata bonde, lina mito, lina maziwa, na ardhi ya pale chini ilikuwa inazidi kudidimia huku mito ikiendelea kulijaza, kama ilivyo Bonde la Ufa leo.

Yaani Tanga haikuwa pwani. Bahari ya Hindi haikuwepo, aisee. Afrika, Madagaska, India, Amerika Kusini, Australia na Antaktika zilikuwa bara moja, Gondwana, na Madagaska ilikuwa imetubana hapa hapa upande wa mashariki, imeegemea Somalia, Kenya na Tanzania.

Na ushahidi wa hilo si wa kubuni, maana ndugu wa Tangasaurus yuko Madagaska. Anaitwa Hovasaurus, na huyo wamepatikana wengi sana, siyo wawili kama wa kwetu, mkia wake mrefu kuliko mwili wote uliobaki. Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba ndani ya tumbo la Hovasaurus wamekuta kokoto. Vijiwe vidogo vidogo vimekusanyika mahali pamoja, mnyama baada ya mnyama. Wataalamu wanasema alikuwa anavimeza ili apate uzito wa kumzamisha, asielee juu juu wakati anawinda chini. Mnyama amekufa miaka zaidi ya milioni 250, nyama imekwisha, ngozi imekwisha, lakini zile kokoto bado zipo pale pale alipozibeba. Kwenye miamba hiyo hiyo ya Madagaska kuna mwingine, Coelurosauravus, mtambaazi aliyekuwa na vijiti vya mifupa ubavuni vilivyoshika ngozi kama bawa, akiruka kutoka mti hadi mti. Kwa hiyo kulikuwa na miti, na miti yenyewe mirefu, na maji karibu.

Ukitaka kujua nchi nzima ilikuwaje twende Ruhuhu, huko kusini upande wa Songea. Kule ndiko kwenye hazina kubwa ya Permiani Tanzania, miaka ya 1930 mjiolojia Stockley alikuta mifupa mingi na tangu hapo watafiti hawajaacha kwenda. Kuna dayasinodonti, wanyama wala majani wenye mdomo kama wa kobe na meno mawili tu yametokeza, kuna gogonopsia waliokuwa wanawala hao, wana meno marefu kama visu, na kuna Peltobatrachus, jamaa wa vyura aliyevaa magamba ya mfupa mgongoni. Ukianzia chini kabisa ya miamba ile unakuta kwanza mawe yaliyoachwa na barafu, BARAFU, hapa Tanzania, maana bara zima lilikuwa limesogea kusini zaidi ya tulipo leo, halafu juu yake unakuta makaa ya mawe, ndiyo haya ya Mchuchuma na Ngaka, ambayo ni misitu ya kinamasi iliyozikwa, halafu juu zaidi ndiyo mifupa ya hao wanyama kwenye udongo wa mito na mabonde. Baridi kali, kisha kinamasi, kisha joto na misimu ya ukame, yote kwenye ukuta mmoja wa mawe. Mti mkuu wa ile misitu ulikuwa Glossopteris, na jani lake limepatikana India, Afrika, Amerika Kusini na Australia, hata kikosi cha Kapteni Scott, yule mpelelezi Mwingereza, kilichofia Antaktika mwaka 1912 kilikutwa na mawe ya visukuku kama kilo 16, yenye majani hayo hayo, walikuwa wanakufa kwa njaa na baridi lakini mawe hawakuyatupa. Hapo huwa nanyamaza.

Halafu likaja lile balaa. Miaka milioni 252 iliyopita volkano za Siberia zilitapika kwa muda mrefu sana, hewa ikajaa kaboni, joto likapanda, bahari zikakosa oksijeni, zaidi ya asilimia 80 ya spishi, yaani aina za viumbe, za baharini zikapotea. Hapo ndipo Paleozoiki inapokatika. Sasa cha ajabu ni hiki, jirani zetu wa Mombasa wanaye wao, Kenyasaurus mariakaniensis, wa pale Mariakani, alielezwa mwaka 1977, na yeye ni wa ukoo wa huyu wetu lakini ni wa Triasiki, yaani BAADA ya balaa. Ina maana ukoo huu wa Tanga ulipita. Wakubwa wenye meno kama visu wamekwisha wote, hawa wadogo wa kando ya maji wakavuka.

Najua kuna mtu atasema sisi tunaye silikanti inatosha. Nampenda silikanti kuliko ninavyoweza kuandika. Mjomba wangu mmoja ni mvuvi Kigombe, na ndiye aliyenionyesha mmoja aliyenasa kwenye jarife, lile la papa, rangi yake bluu ya giza na mabaka meupe, magamba makavu yanakwaruza kiganja, na mapezi yake yale yana mkono ndani yake, yana nyama na mfupa, ukiyashika yanazunguka. Nikamuuliza mjomba, huyu mnamla? Akasema, "Huyu halikiki mwanangu, ana mafuta, ukimla wajuta usiku kucha. Twamkuta huko kwenye maji marefu tu." Ukoo wa silikanti ulikuwepo tangu Devoniani, zaidi ya miaka milioni 400, watu wakadhani umekwisha pamoja na dinosaria mpaka mwaka 1938 mtunza makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta kwenye shehena ya samaki kule East London, Afrika Kusini. Hapa kwetu hifadhi yake ilitangazwa mwaka 2009. Sawa kabisa. Lakini tazameni basi, mji mmoja una samaki hai ambaye ukoo wake umetoka Paleozoiki, na kilomita chache kuelekea bara una miamba ya Paleozoiki yenye mnyama aliyebeba jina lake. Miji mingapi duniani inaweza kusema hivyo? Mabasi ya wanafunzi yanakwenda Amboni kila wiki, wanaingia pangoni wanaambiwa habari za popo na mizimu, wanatoka. Mwongozaji akisema tu kwamba jiwe hili lilikuwa sakafu ya bahari, na kwamba kabla ya bahari hiyo palikuwa na ziwa na mnyama anaitwa Tangasaurus aliogelea humo, ni dakika tano.

Ninachokitaka mimi ni nakala ya plasta. Makumbusho mengi duniani hutoa nakala za visukuku, mtu anaweka mezani unaona kila mfupa kama ulivyo, na ingekaa vizuri sana pale makumbusho ya Urithi mjini, pembeni yake ramani ya Gondwana yenye Madagaska imetushika. Kama kuna anayefahamiana na watu wa makumbusho au idara ya jiolojia chuoni aniandikie, niko tayari kufuatilia barua mimi mwenyewe.

Na nyie wa Muheza, Ngomeni na vijiji vya njia ile, mnaochimba visima, misingi, barabara. Ukipasua jiwe la kijivu la matabaka ukaona umbo la jani, samaki au mfupa, usiligonge tena wala usilipeleke nyumbani. Piga picha ukiweka sarafu au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, andika mahali ulipo, kisha toa taarifa kwa idara ya serikali ya Mambo ya Kale, maana visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na hairuhusiwi kuviuza. Wale wawili wa Haughton hawawezi kuwa peke yao kwenye miamba yote ile.