Kumbukumbu ya mradi: ramani ya mbao ya Wuhan, na mto uliohama ukaacha jina lake

Siku ya 1

Leo nimenunua plaiwudi mbili za futi nane kwa nne, unene wa milimita sita, ziwe kitako, na nyingine mbili za milimita tatu kwa ajili ya ardhi. Nataka ramani nne za jiji moja, kila moja sentimita 80 kwa 70, zipangwe mstari mmoja kwenye ukuta wa sebuleni. Jiji lenyewe ni Wuhan, mkoa wa Hubei, katikati ya China, pale Mto Han unapoingia Mto Yangtze.

Nilisoma huko miaka minne, nikikaa upande wa Wuchang. Karibu kila Jumamosi nilipanda kivuko cha Zhonghua Lu kwenda Hankou, nauli yuan moja na nusu. Mkishafika katikati ya maji unaiona miji yote mitatu: Wuchang nyuma yako, Hankou mbele, na Hanyang kushoto, pale linapotua daraja kuu. Jina la Wuhan limeungwa kutokana na hiyo mitatu. "Wu" ni ya Wuchang, "Han" ni ya Hankou na Hanyang. Kwa karne nyingi kila mmoja ulikuwa na ofisi zake, na kilichoitenganisha ni maji tu.

Ndiyo sababu sitaki kuchora mipaka kwanza kisha nipake mto juu yake. Kitako chote kitakuwa maji. Ardhi ndiyo nitakayoikata vipande na kuibandika, na mipaka ya utawala itakuja mwisho.

Siku ya 4

Rangi ya maji imenichukua jioni mbili. Bluu niliikataa mapema, maana Yangtze ninaoukumbuka hauna bluu hata kidogo. Ni rangi ya chai ya maziwa iliyotiwa majani mengi, na mahali Mto Han unapoingia kuna mstari unaouona kwa macho, maji ya huku yamekolea na ya kule yamepauka kidogo. Nimechanganya kahawia, nyeupe na tone la kijani, nikapaka mikono miwili na kupiga msasa laini katikati.

Vipimo: ramani tatu za kwanza ni za kati ya jiji, kipimo cha 1 kwa 20,000. Hapo Yangtze unapata upana wa karibu sentimita sita na Mto Han kama sentimita moja, unaukata vizuri. Ramani ya nne ni jiji zima la leo, kilomita za mraba 8,569. Kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 155, mashariki hadi magharibi 134, kwa hiyo lazima nishuke hadi 1 kwa 200,000. Hapo Han unabaki milimita moja. Hautakatika kwa msumeno. Nitaulaza kwa uzi.

Siku ya 9

Ramani ya kwanza, kabla ya mto kuhama. Hii ndiyo iliyonifanya nianze mradi wote.

Katika majina ya mahali ya Kichina, "yang" ni upande unaopigwa na jua: kusini mwa mlima, au kaskazini mwa mto. Hanyang, basi, ni mji ulio kaskazini mwa Mto Han. Jina hilo lilipewa kaunti ya hapo mwaka 606, enzi ya Sui. Sasa fungua ramani yoyote ya leo: Hanyang iko kusini mwa Mto Han. Nilipoishi kule nilipita juu ya madaraja ya Han mara nyingi sana bila kuliona hilo. Nililiona baada ya kurudi nyumbani, nikiwa nimeinamia meza na penseli.

Jina halikukosewa. Mto ndio uliohama. Zamani Han ulikuwa ukiingia Yangtze kusini mwa kilima cha Guishan, Kilima cha Kobe, na mji wa Hanyang ulikaa kati ya kilima na mto, kusini mwa mlima na kaskazini mwa maji. Ulistahili jina lake mara mbili. Kisha katika miaka ya Chenghua ya enzi ya Ming, kati ya 1465 na 1487, mto ulijikatia njia mpya ukapita kaskazini mwa Guishan. Kilima kile kile, mji ule ule, lakini maji yamehamia upande wa pili.

Na ule ukingo wa kaskazini, uliokuwa nyika ya matete yenye kujaa maji, ndio ukawa Hankou, maana yake "mdomo wa Han". Kati ya miji mitatu ndio mdogo kwa umri. Mto usingehama, usingekuwapo.

Nimekata Guishan kwa tabaka tatu za plaiwudi nyembamba. Ng'ambo ya Yangtze, upande wa Wuchang, nimekata Sheshan, Kilima cha Nyoka. Vyote viwili havifiki mita 100, na kwa kipimo sahihi visingeonekana, nimevinyanyua makusudi. Vilima hivi viwili vinautazama mto kutoka pande mbili na kuubana, na ndiyo maana daraja la kwanza kabisa kuvuka Yangtze liliwekwa hapo. Lilifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1957, urefu wake wote mita 1,670, magari juu na treni chini.

Siku ya 12

Nimempelekea fundi seremala wa jirani ramani ya kwanza na ya pili anikatie kingo, kwa sababu msumeno wangu wa mkono unachana plaiwudi. Mzee amezilaza mbili kwenye meza yake, akazitazama kwa zamu, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, huu mto umeukosea wapi, hapa au hapa?"

"Hakuna kosa, mzee. Ulikuwa hapa, ukahamia hapa."

"Na hawa watu wa huu mji, waliubadilisha jina?"

"Hawakulibadilisha."

Akapitisha kidole kwenye mfereji wa zamani, taratibu, kama anayepima kama mbao imenyooka. "Basi jina ndilo linajua," akasema, na akaendelea kukata.

Siku ya 15

Pole kwangu leo. Chapisho la ramani ya tatu nililolitoa kwenye duka la kuchapisha lilikuwa limepunguzwa ili lienee kwenye karatasi, na hakuna aliyeniambia. Daraja lilipaswa kuwa na sentimita 5.8 kutoka ukingo hadi ukingo, nikapima nikapata 5.5. Nilikuwa nimeshanakili nusu ya Wuchang na kukata vipande viwili. Vimekwenda na maji, nitavitumia kujaribia rangi. Kuanzia sasa kila chapisho linapimwa kwa rula kwenye daraja kabla penseli haijagusa mbao.

Siku ya 20

Ramani ya pili: mwaka 1911. Hapa utawala unaanza kuonekana, na hapa ndipo nimekaa siku nyingi kuliko popote.

Hankou ilikuwa miongoni mwa miji minne mikuu ya biashara ya China, pamoja na Foshan, Jingdezhen na Zhuxianzhen. Chai, chumvi, mchele, mbao na mafuta ya mbegu za mti wa tung vilipita pale. Lakini kiutawala haikuwa chochote. Soko lote lile lilikuwa sehemu ya kaunti ya Hanyang, na mkuu wake alikaa ng'ambo ya Mto Han. Hata Hankou ilipofunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1861, na Waingereza wakapata eneo lao la kukodi ukingoni mwa Yangtze, mambo yalibaki hivyo. Ni mwishoni mwa karne, Wajerumani, Warusi, Wafaransa na Wajapani nao walipokwisha kupata maeneo yao kati ya 1895 na 1898, ndipo Zhang Zhidong, gavana mkuu wa Hubei na Hunan, alipoitenga Hankou na Hanyang na kuipa ofisi yake. Ilikuwa mwaka 1899, na eneo hilo liliitwa Xiakou.

Yale maeneo matano nimeyapanga kama yalivyofuatana kushuka na mto: Waingereza, Warusi, Wafaransa, Wajerumani, Wajapani. Ni vipande vidogo, kimojawapo kinakaa juu ya ukucha wangu wa kidole gumba. Nimevipaka kijivu na sikuvitilia nakshi yoyote. Nimeona majengo yake, ni mazuri, na watu hupigia picha za harusi pale. Lakini kwenye ramani hii ni ardhi ambayo Wachina walitawaliwa na wengine nyumbani kwao, na nataka ionekane kama pengo. Eneo la Waingereza lilirudishwa mwaka 1927, baada ya wananchi kuliingia Januari ya mwaka huo.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye ramani hii ni tuta. Nyuma ya Hankou palikuwa na ziwa na vinamasi, na mji ulikuwa umebanwa kati ya maji ya mbele na maji ya nyuma. Ukuta uliojengwa mwaka 1864 ulisaidia kidogo. Mwaka 1905 tuta la Zhang Zhidong likakamilika, likiuzunguka mji kwa nyuma, na watu bado wanaliita Zhanggong Di, "tuta la Bwana Zhang". Maji yakazuiwa nje, ardhi ikakauka, na miaka miwili baadaye ukuta wa zamani ukabomolewa, mahali pake pakawa barabara. Leo ndiyo Zhongshan Dadao, ile iliyojipinda. Nilikuwa najiuliza kwa nini barabara kuu imejipinda hivyo kwenye ardhi tambarare. Inafuata ukuta ambao haupo.

Tuta nimelitengeneza kwa kamba ya katani, nikaibandika kwa gundi ya mbao na kuipaka rangi ya udongo. Ukipitisha mkono unalihisi. Pembeni yake, kwenye ukingo wa Yangtze, nimepigilia msumari mdogo wa shaba: hapo ndipo kipimo cha maji cha Jianghan Guan, forodha ya zamani, ambacho kumbukumbu zake zinaanzia 1865. Mwaka 1931 maji yalifika mita 28.28 kwenye kipimo hicho na Hankou ikazama kwa wiki nyingi. Mwaka 1954 yalifika mita 29.73, juu zaidi kuliko wakati wowote, lakini safari hii matuta ya mjini yalishikiliwa na mji haukuzama. Nimechora mikwaruzo miwili kwenye kichwa cha msumari. Ni mimi tu nitakayejua ipo.

Siku ya 27

Ramani ya tatu ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Mwaka 1927 serikali ya mapinduzi iliiunganisha miji mitatu iwe makao yake kwa jina la Wuhan, lakini muungano ukavunjika upesi: mwaka 1929 Hankou ikawa mji maalumu chini ya serikali kuu, na Wuchang ikabaki makao makuu ya mkoa. Muungano uliodumu ni wa Mei 1949. Kwa miaka michache jiji likawa chini ya serikali kuu moja kwa moja, kisha mwaka 1954 likawekwa chini ya Hubei. Mipaka ya ramani hii ni mistari mitatu ya wino, na nimeimaliza kwa jioni moja.

Siku ya 33

Ramani ya nne, wilaya 13, kila moja kipande kinachong'oka. Saba za kati: Jiang'an, Jianghan, Qiaokou, Hanyang, Wuchang, Qingshan na Hongshan. Sita za nje: Dongxihu, Hannan, Caidian, Jiangxia, Huangpi na Xinzhou. Ukizishika mkononi unaona mara moja jinsi jiji lilivyokua. Jianghan ni kama punje ya maharage. Huangpi inajaza kiganja kizima. Huangpi na Xinzhou ziliingizwa Wuhan mwaka 1983 zikiwa kaunti, na zikawa wilaya za jiji mwaka 1998. Watu milioni 12.3 wa sensa ya 2020 wanahesabiwa pamoja na mashamba ya mpunga na mabwawa ya samaki ya huko nje.

Maziwa sikuweza kuyatoa yote. Orodha rasmi ina 166. Nimetoboa makubwa tu, Ziwa la Mashariki, Tangxun, Liangzi, na mengine nimeyaacha chini ya mbao.

Kisha nimekwama kwenye Jiangxia. Kaunti iliyozunguka Wuchang iliitwa Jiangxia tangu zamani. Mwaka 1912 ikaitwa kaunti ya Wuchang. Mwaka 1995 ikafanywa wilaya ya jiji, na jina la Jiangxia likarudishwa. Wakati huohuo Wuchang ile aliyoifanya mji mkuu Sun Quan wa dola ya Wu mwaka 221 si Wuchang nilikokaa mimi. Iko chini zaidi kwenye mto, na leo inaitwa Ezhou. Na Wuchang yangu, tangu enzi ya Sui, ndiyo ilikuwa makao ya jimbo lililoitwa Ezhou, hadi watawala wa enzi ya Yuan walipolibadilisha jina kuwa Wuchang mwaka 1301. Majina mawili yamebadilishana nyumba.

Nilitaka kipande cha Jiangxia kiwe na sura mbili, juu Jiangxia, ukikigeuza Wuchang. Nikaandika, nikakausha, nikakigeuza. Hakiingii. Kipande kikigeuzwa kinakuwa kama sura yake kwenye kioo, na ule mkia wa kuelekea Ziwa Liangzi unaangukia upande usiokuwa na nafasi.

Siku ya 35

Nimepata njia. Jiangxia itakuwa tabaka tatu nyembamba za umbo moja, zinazolazwa moja juu ya nyingine: ya chini Jiangxia, ya kati Wuchang na mwaka 1912, ya juu Jiangxia na mwaka 1995. Plaiwudi ya milimita moja sijaipata mjini. Fundi ameniambia anazo karatasi nyembamba za mbao alizozibakiza kwenye kabati la mteja, nipite Alhamisi. Ezhou iko nje ya mpaka wa jiji, nje ya ramani yangu, lakini nimeacha sentimita nne za maji ukingoni upande wa mashariki, na nadhani itaenea.