Siku moja ya kine hapa Bukavu

Saa kumi na mbili asubui. Niko nashuka Kadutu na miguu, juu bamotari saa hii banaomba franga zenye sina. Mimi ni kine, ni kusema mutu wa kunyoosha misuli na viungo, nafanyaka masaji kwa santre moja, migongo na magoti kwanza, kiisha bagonjwa benye doktere wa akili ananitumia.

Saa mbili: mugongo ya shofere, goti ya muzee mumoja mwenye kulalamika hata mbele sijamugusa. Tupite.

Saa ine njo kazi yenyewe. Mama mumoja, usingizi ulimuacha tangu vita imukimbize kwabo. Dawa anakunywa, sikologe banaongea kila wiki, mimi ni wa tatu tu. Mbele ya yote namuuliza: mama, niguse wapi, wapi nisiguse? Anasema mikono. Basi ni mikono tu, nguo haitoki, mulango unabakia wazi juu anapenda auone, na akisema simama, nasimama hata niko katikati. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kabisa, nikabonyeza kiganja na kidole gumba pole pole kuelekea kifundo, tukaenda tukaenda, kiisha kale kadogo kakaachia kwanza, halafu vingine. Mafuta karibu sikutumia.

Saa sita, bugali na sambaza. Stajière, mwanafunzi mwenye kujifunza kazi kwetu, anauliza kama masaji inaponesha depresiyo. Nikamuambia kuponesha hapana, kusaidia ndiyo: mwaka 2004 mutafiti Moyer na benzake bakaunganisha tafiti 37, bakakuta benye kufanyiwa mara nyingi wasiwasi na huzuni inapunguka. Kule chuo kikuu cha Emory, Marekani, 2016, batu 47 benye wasiwasi wa kuzidi, mara mbili kwa wiki, wiki sita, ba masaji bakapata nafuu kuliko benye kuguswa tu kidogo. Batu 47 ni bachache, sawa. Na hii hadisi ya kusema masaji inashusha homoni ya stresi sana, Moyer mwenyewe na benzake bakapima tena 2011, bakakuta ni kidogo mno. Halafu mutu akisema anataka kufa, uyo si wa mafuta, ni wa doktere leo leo.

Saa nane, mutoto wa mugonjwa: "Kine, baba anaendelea muzuri, tuache vidonge, ile franga tulipie masaji?" Aka, kaka! Vidonge haviachwi hivi hivi, mutu anaweza kuanguka mubaya kuliko mwanzo. Akabishana weee, nikamutuma kwa doktere wake.

Jioni kuran ya umeme imeenda, nafua bataulo na toshi ya telefone. Mugongo yangu mwenyewe inauma, bwana yangu naye akishika bega dakika mbili, analala.